Njia ya Sahihisho: Uhakiki wa Usanifu wa Mifumo Huria ya Kuhariri Matini Mtandaoni kwa Mfano wa Misima, Handeni na Korogwe

Ikisiri

Uhakiki huu unachunguza jinsi mifumo huria ya kuhariri matini mtandaoni ilivyosanifiwa, na jinsi usanifu huo unavyoamua ni nani mwenye uwezo wa kusahihisha kilichoandikwa. Mifumo minne yenye uhusiano na wazungumzaji wa Kiswahili imeteuliwa, nayo ni Kilinux, Mradi wa Kamusi, Wikipedia ya Kiswahili inayoendeshwa na programu ya MediaWiki, na Ushahidi. Kipimo kilichotumika ni njia ya sahihisho, yaani hatua ambazo marekebisho hupitia kutoka kwa mtu anayejua hadi kwenye ukurasa, na kutoka kwenye ukurasa hadi kwa mtu huyo tena. Mfano unaorejelewa ni jina la Misima, linalotajwa Handeni na Korogwe katika Mkoa wa Tanga. Inabainishwa kwamba mifumo hiyo imefaulu kwa viwango tofauti katika kupokea na kutunza marekebisho, lakini hatua ya kumrejeshea mtoa sahihisho matokeo ya hoja yake imeachwa nyuma. Hatua hiyo haikosekani katika utaratibu wa kuthibitisha muhtasari wa mkutano wa kijiji, na inapendekezwa kuwa msingi wa usanifu mpya.

1.0 Utangulizi

Katika Mkoa wa Tanga jina la Misima linatajwa Handeni, na linatajwa pia Korogwe. Wilaya hizi mbili zinapakana, na watu wake huoana, huuziana mazao na kutembeleana katika misiba. Mtu wa huko akisema anakwenda Misima, msikilizaji hutambua ni Misima ipi kutokana na mahali aliposimama msemaji, gari analolisubiri na ndugu anaowataja. Mazingira ya mazungumzo hukamilisha kile ambacho jina peke yake halikukisema. Ukurasa wa mtandaoni hauna mazingira hayo, kwa hiyo lazima utenganishe kwa maandishi kile ambacho wazungumzaji hukitenganisha bila kutaja.

Katika Wikipedia ya Kiswahili, desturi ya kutenganisha majina yanayofanana ni kuongeza jina la wilaya katika mabano, pamoja na kuandaa ukurasa wa maana unaomwelekeza msomaji. Kwa desturi hiyo, kurasa zitaitwa Misima (Handeni) na Misima (Korogwe). Suluhisho hili ni jepesi na linaeleweka, lakini limehamishia utata ndani ya mabano. Handeni ni jina la wilaya, na ni jina la mji wenye halmashauri yake. Korogwe nayo iko vivyo hivyo. Aidha, mipaka ya utawala haikai mahali pamoja, kwani mwaka 2002 Wilaya ya Kilindi ilimegwa kutoka Handeni, na kata nyingi nchini zimegawanywa kadiri idadi ya watu ilivyoongezeka. Neno linalowekwa ili kuondoa utata lina utata wake, na maana yake hubadilika kadiri serikali inavyopanga upya maeneo.

Atakayegundua kwanza kwamba maelezo ya Misima moja yamewekwa kwenye ukurasa wa nyingine ni mkazi wa mojawapo. Swali linaloongoza uhakiki huu ni jinsi mkazi huyo anavyoweza kuufikia ukurasa, na kile kinacholipata sahihisho lake baada ya kufika. Jibu lake lina athari kubwa. Kurasa nyingi za kata za Tanzania katika Wikipedia ya Kiswahili ni zile zinazoitwa mbegu, zenye sentensi chache za kutaja wilaya, mkoa na idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa. Kwa mahali pasipoandikiwa kitabu, mbegu hiyo inaweza kuwa maelezo pekee yanayopatikana hadharani. Tovuti nyingine huyanakili, na matini ya Wikipedia hutumika kufundishia programu za kompyuta zinazozalisha lugha. Kosa lililowekwa kwa dakika moja linaweza kuenea mahali ambapo mkono wa msahihishaji haufiki.

2.0 Kipimo cha Uhakiki

Mwaka 1995 Ward Cunningham aliweka hadharani WikiWikiWeb, tovuti ambayo kurasa zake ziliweza kuhaririwa na wasomaji wenyewe. Jina lake lilitokana na neno la Kihawaii lenye maana ya haraka. Tovuti hiyo ilikusanya maarifa ya watengenezaji wa programu kuhusu kazi yao. Asili hii ina uzito, kwa sababu inaonyesha kwamba wiki ilianza ikiwa chombo cha wanataaluma wa programu kabla ya kuwa chombo cha kamusi elezo. Watumiaji wake wa mwanzo walikuwa na kompyuta mezani, walisoma Kiingereza, na mambo waliyoyajadili yalikuwa ya kazi yao ya kila siku. Masharti hayo hayakuandikwa popote, lakini yaliingia katika umbo la chombo.

Lawrence Lessig, katika maandishi yake ya mwaka 1999, alidai kwamba msimbo wa kompyuta hutawala mwenendo wa watu kwa namna inayofanana na sheria. Dai hilo linaruhusu mfumo wa kuhariri usomwe kama matini nyingine yoyote. Uhakiki wa fasihi huzungumzia msomaji aliyekusudiwa, yaani yule ambaye kazi inamchukulia kuwa anaisoma. Vivyo hivyo, kila mfumo wa kuhariri una mhariri aliyekusudiwa. Mhariri huyo hutambulika kwa kutazama vitufe vilivyowekwa, ujumbe wa makosa unaotolewa, lugha ya kurasa za msaada, na mambo ambayo mfumo unayachukulia kuwa hayahitaji kuelezwa.

Ili kumtambua mhariri huyo, njia ya sahihisho imegawanywa katika hatua nne. Hatua ya kwanza ni kufika, ambapo marekebisho huingia katika mfumo. Ya pili ni kushuhudia, ambapo mtoaji huonyesha anavyojua anachosema. Ya tatu ni kuamuliwa, ambapo mtu au utaratibu fulani hukubali au hukataa. Ya nne ni kurejea, ambapo mtoaji hujulishwa kilichoamuliwa na sababu yake, akapata nafasi ya kujibu. Mfumo unaotimiza hatua tatu za mwanzo na kuacha ya nne humgeuza mtoaji kuwa chanzo cha taarifa, ilhali alistahili kuwa mshiriki wa uandishi.

3.0 Kilinux na Mradi wa Kamusi: Jopo na Foleni

Kilinux ulikuwa mradi wa kuingiza Kiswahili katika programu huria, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Sweden. Tokeo lake linalojulikana zaidi ni Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu za ofisi, lililotoka mwaka 2004. Mchango wake mkubwa ulikuwa wa kiistilahi. Wataalamu wa kompyuta na wa lugha waliketi pamoja kutafuta maneno ya kutumika katika menyu, na wakathibitisha kwa vitendo kwamba Kiswahili kinaweza kubeba shughuli za ofisi bila kuegemea maneno ya Kiingereza kila mahali.

Kwa kipimo cha njia ya sahihisho, hata hivyo, Kilinux ulifuata utaratibu wa jopo na toleo. Istilahi huamuliwa kabla, huingizwa katika mafaili ya tafsiri, kisha programu hutolewa ikiwa imekamilika. Karani anayekutana na neno lisiloeleweka katika menyu hana mahali pa kulisahihisha akiwa ndani ya programu. Atalazimika kuwatafuta watafsiri nje yake, kisha asubiri toleo jingine. Hatua ya kuamuliwa ilipewa nguvu kubwa, na ya kufika ikawa nyembamba. Udhaifu huu hautokani na uzembe wa watekelezaji. Ni tabia ya programu inayosakinishwa katika kompyuta ya mtu mmoja mmoja, ambayo haina ukurasa wa pamoja ambapo watumiaji wangekutana.

Mradi wa Kamusi ulichukua mkondo mwingine. Ulianzishwa mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Yale na Martin Benjamin, kwa lengo la kuandaa kamusi hai ya Kiswahili katika intaneti. Msomaji aliweza kupendekeza neno jipya au kurekebisha lililopo, na pendekezo likapitia kwa mhariri kabla ya kukubaliwa. Mlango wa kufika ulikuwa mpana kuliko wa Kilinux, kwa kuwa mzungumzaji yeyote aliyeunganishwa na intaneti aliweza kuandika. Ubora nao ulilindwa, kwa kuwa hakuna kilichoonekana kuwa rasmi kabla ya kupitiwa.

Gharama ya mpango huu ni foleni. Pale mapendekezo yanapotoka kwa wengi na maamuzi kufanywa na wachache wanaojitolea, kasi ya mfumo huwa kasi ya wale wachache. Lipo pia tatizo la utaalamu. Mhariri wa kamusi anaweza kupima ngeli, maana na mfano wa matumizi, lakini neno linalotumiwa na wakulima wa Handeni pekee haliwezi kupimwa na mtu asiyewahi kulisikia. Mhariri mwaminifu ataliacha likisubiri. Kwa mtoaji, pendekezo lisilojibiwa halina tofauti na pendekezo lililokataliwa, na mara nyingi hatarudi kutoa la pili.

4.0 Wikipedia ya Kiswahili na MediaWiki: Kuchapisha Kisha Kupitia

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, miaka miwili baada ya ile ya Kiingereza. Inaendeshwa na MediaWiki, programu huria ambayo watu wengine hutumia pia kuandikia nyaraka za miradi yao. Msingi wa usanifu wake ni kinyume cha foleni. Sahihisho huonekana mara tu mwandishi anapohifadhi ukurasa, na ukaguzi hufuata baadaye kupitia orodha ya mabadiliko ya karibuni. Kila toleo hutunzwa pamoja na saa, jina la mhariri na maelezo mafupi ya alichokifanya. Kila ukurasa una ukurasa wa majadiliano unaoandamana nao. Kosa likigunduliwa, mtu yeyote anaweza kurudisha toleo la awali.

Ubora wa mpango huu haupaswi kudharauliwa. Historia ya ukurasa ni aina ya kumbukumbu ambayo kitabu hakina. Mtafiti anaweza kuona ni lini sentensi fulani iliingia, nani aliiondoa na kwa hoja gani. Katika mfano wa Misima, mtu akiweka taarifa za Korogwe kwenye ukurasa wa Handeni, ushahidi wa kosa hilo hubaki wazi na kulirekebisha ni kazi fupi. Kiolesura chake cha Kiswahili nacho kimejenga msamiati unaokubalika, kama vile hariri, kigezo, jamii, mbegu na wakabidhi. Maneno haya hayana ugeni kwa msomaji, na yanaonyesha kwamba kutafsiri kiolesura kunaweza kuwa kazi ya jumuiya bila kungoja jopo.

Hata hivyo, usanifu huu una vizingiti vitatu. Cha kwanza kiko katika hatua ya kufika. Kuhariri kunadai kifaa kilichounganishwa na intaneti. Tatizo la kusoma bila intaneti limepatiwa suluhisho, kwani programu huria ya Kiwix humwezesha mtu kubeba Wikipedia nzima katika kompyuta au simu yake. Msomaji wa Kiwix anapoona kosa, lakini, nakala aliyonayo haina njia ya kupokea sahihisho lake na kulipeleka pindi atakapopata mtandao. Teknolojia imemfikishia matini na kumwacha katika nafasi ya msomaji tu.

Kizingiti cha pili kiko katika hatua ya kushuhudia. Kanuni ya kutaja vyanzo vilivyochapishwa ni kinga ya lazima, kwa kuwa bila hiyo kila uzushi ungedai nafasi. Lakini kanuni hiyo inaposimama peke yake inaacha nje maarifa ambayo hayajapata mchapishaji. Jina la Misima lenyewe ni mfano mzuri. Msomaji wa Kiswahili huenda akalihusisha na kisima. Sarufi haimruhusu kufanya hivyo kwa wepesi, kwa kuwa wingi wa kisima ni visima. Hoja inayofaa ingetoka kwa wazee wanaozungumza Kizigua na kujua eneo lilivyoitwa kabla ya kuandikwa kwenye ramani. Ushuhuda wao ni wa mdomo. Mwaka 2011 Achal Prabhala alishughulikia suala kama hili katika mradi na filamu iitwayo People Are Knowledge, akitumia mifano ya India na Afrika Kusini kuonyesha jinsi masimulizi yaliyorekodiwa yanavyoweza kutumiwa kama vyanzo. Hoja hiyo ilipingwa kwa sababu ya ugumu wa kuthibitisha. Upinzani huo una msingi, ila unathibitisha kwamba mfumo haujapewa sehemu maalumu ya kuhifadhi ushuhuda pamoja na kiwango chake cha uhakika.

Kizingiti cha tatu kinahusu nyaraka za mfumo wenyewe. Kurasa za msaada za MediaWiki huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha hutafsiriwa kwa kutumia kiendelezi cha Translate kilichoanzishwa na Niklas Laxström kwa ajili ya translatewiki.net. Kiendelezi hicho huugawa ukurasa katika vipande. Kipande cha Kiingereza kikibadilishwa, tafsiri yake huwekewa alama kwamba imepitwa na wakati. Hili ni suluhisho la busara kwa mradi wenye lugha nyingi. Lakini alama hiyo hushuka tu. Mfasiri wa Kiswahili akigundua kwamba sentensi ya asili imekosewa au haiwezekani kufuatwa na mtumiaji wa simu, hana alama ya kupandisha kutoka kwenye tafsiri yake. Itambidi auendee ukurasa wa asili na kutoa hoja yake, kwa kawaida kwa Kiingereza. Mfumo unamtambua kama mfasiri wa maarifa ya wengine, na haujamwandalia nafasi ya kuwa shahidi wa matumizi.

Juhudi za kukuza idadi ya makala nazo zinaonyesha upungufu huo. Kati ya mwaka 2009 na 2010 kampuni ya Google iliendesha shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili lililowahusisha wanafunzi wa vyuo vya Afrika Mashariki. Shindano la aina hiyo huhesabu kilichoongezwa. Kurasa mpya zina thamani, lakini thamani hiyo hupungua endapo hakuna watu waliobaki kuzitunza. Takwimu za wakazi zilizotolewa na sensa ya mwaka 2012 zilihitaji kupitiwa upya baada ya sensa ya mwaka 2022. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mashindano, kwa sababu haileti makala mpya hata moja.

5.0 Ushahidi: Mlango wa Ujumbe Mfupi

Ushahidi ni programu huria iliyoanzishwa nchini Kenya mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Waanzilishi wake ni Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia. Raia walituma taarifa kwa ujumbe mfupi wa simu au kwa tovuti, na taarifa hizo zikaonyeshwa kwenye ramani. Programu hiyo haikukusudiwa kuhariri nyaraka. Imeingizwa katika uhakiki huu kwa kuwa inajibu maswali mawili ambayo mifumo mitatu iliyotangulia iliyaacha wazi.

Jibu la kwanza linahusu kufika. Usanifu wa Ushahidi haukumtaka shahidi awe na kivinjari. Simu ya kawaida ilitosha. Kwa maeneo ambako ujumbe mfupi hupita hata pale intaneti inaposuasua, tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha mtu kuandika au kumwacha kimya. Jibu la pili linahusu kushuhudia. Taarifa iliweza kuonyeshwa ikiwa na alama kwamba imethibitishwa au bado haijathibitishwa. Kwa njia hiyo mfumo haukulazimika kuchagua kati ya kuificha taarifa na kuitangaza kuwa ukweli. Ulikiri hadharani kwamba kuna daraja kati ya hayo mawili.

Upungufu wake unatokana na lengo lake. Taarifa ya tukio hutumwa mara moja na kuwekwa kwenye ramani, na haigeuki kuwa matini ambayo wengi wanaijenga kwa muda mrefu. Ushahidi hauna kile ambacho historia ya ukurasa na majadiliano ya MediaWiki hukitoa. Msanifu anayetaka kuhudumia nyaraka anaweza kuazima mlango wake na alama zake, kisha aviunganishe na kumbukumbu ya wiki.

6.0 Muhtasari wa Mkutano wa Kijiji: Hatua ya Kurejea

Mifumo yote minne imezungumziwa kana kwamba kuhariri kwa pamoja kulikuja na kompyuta. Katika vijiji vya Tanzania upo utaratibu wa kuhariri matini ya pamoja ulio wa zamani kuliko hiyo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji, unaoundwa na wakazi waliofikisha umri wa miaka 18. Ofisa mtendaji huandika muhtasari. Katika kikao kinachofuata muhtasari huo husomwa kwa sauti, wajumbe huusahihisha, kisha huthibitishwa na kutiwa saini. Baada ya hapo hufuata yatokanayo, ambapo kila jambo lililoachwa kiporo huulizwa limefikia wapi.

Utaratibu huu ukipimwa kwa hatua nne za njia ya sahihisho, unaonekana kuwa kamili zaidi katika hatua ya mwisho. Aliyesema jambo Januari hulisikia likisomwa katika kikao kinachofuata. Akiona limeandikwa visivyo, husimama na kusema. Hoja iliyokataliwa hukataliwa mbele yake. Kusoma kwa sauti kunamhusisha hata asiyejua kusoma. Na kipengele cha yatokanayo kinazuia hoja kupotea kimyakimya, kwa kuwa ukimya wenyewe unakuwa jambo la kuulizwa.

Si sahihi, hata hivyo, kuutukuza mkutano wa kijiji. Wanaosema sana katika mikutano mara nyingi ni wenye vyeo, wazee na wanaume. Muhtasari ukiwa umetiwa saini na kufungiwa kabatini, mtu asiyekuwepo hawezi kuuona kwa urahisi kama anavyoweza kuiona historia ya ukurasa wa wiki. Mabadiliko yaliyofanywa katika rasimu hayatunzwi. Kwa hayo mawili, uwazi na kumbukumbu, MediaWiki imeutangulia mkutano. Kinachoazimwa hapa ni kanuni moja tu, nayo ni kwamba sahihisho halijakamilika mpaka limerudishwa kwa aliyelitoa.

7.0 Mapendekezo ya Usanifu

Kutokana na uchambuzi huu, mfumo wa kuhariri nyaraka za mradi huria unaokusudiwa kuwahudumia wazungumzaji wa Kiswahili popote walipo ungepaswa kuzingatia mambo matano.

Kwanza, kitu kinachoelezwa kitambulishwe kwa namba isiyotegemea jina. Kata za Tanzania zina postikodi za tarakimu tano, na hifadhidata ya Wikidata huipa kila mada namba yake. Jina na wilaya viwe sifa za kitu hicho, zikiambatana na tarehe za kuanza na kukoma kutumika. Wilaya ikigawanywa, au kata ikipewa postikodi nyingine, badiliko liandikwe kama tukio jipya, na maandishi ya zamani yabaki yakieleweka.

Pili, mlango wa kufika uwe zaidi ya mmoja. Anayetumia kompyuta ahariri ukurasa mzima, na mwenye simu ya kawaida aweze kutuma sahihisho la sentensi moja kwa ujumbe mfupi. Nakala inayosomwa bila intaneti itunze masahihisho ya msomaji hadi mtandao upatikane. Namba ya simu ya mtoaji isionyeshwe hadharani, kwa kuwa ushuhuda kuhusu ardhi, mipaka au mashamba unaweza kumletea madhara.

Tatu, kila dai libebe alama ya namna linavyojulikana: kwa chapisho, kwa ushuhuda uliorekodiwa, au kwa mtoaji mmoja asiyethibitishwa. Alama hiyo isomeke na binadamu, na isomeke pia na mashine zinazonakili matini, ili uhakika usiongezeke kwa sababu tu ya kunakiliwa.

Nne, katika nyaraka zenye lugha nyingi, alama ipande kama inavyoshuka. Mfasiri aweze kukiwekea kipande cha asili alama kwamba kina hoja, kwa lugha yake, na mtunzaji wa ukurasa wa asili aione hoja hiyo kabla ya kubadilisha chochote.

Tano, kila sahihisho lifunguliwe jalada la yatokanayo. Jalada hilo lionyeshe limepokelewa lini, limeamuliwaje na kwa sababu gani, na jibu limtumikie mtoaji kwa njia ile ile aliyoitumia kuleta hoja. Sahihisho lililokaa muda mrefu bila jibu lionekane katika orodha iliyo wazi kwa wote, kama mabadiliko ya karibuni yanavyoonekana leo.

Pendekezo la tano litapingwa kwa hoja ya mzigo, kwamba wahariri wachache hawawezi kumjibu kila mtu. Hoja hii ni ya kweli kwa foleni iliyo chini ya mhariri mmoja. Haina nguvu ile ile pale maamuzi yanapogawanywa. Swali la Misima ipi ni ipi haliwahitaji wakabidhi wa Wikipedia. Linaweza kupelekwa kwa watu wengine watatu au wanne waliowahi kutoa masahihisho kuhusu Handeni na Korogwe, nao wakathibitisha au kupinga kwa ujumbe mmoja. Mfumo ungekuwa umewageuza watoaji wa jana kuwa mashahidi wa leo, na kazi ya wakabidhi ikabaki kutatua migogoro.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeisoma mifumo minne kwa kufuata njia ambayo sahihisho hupita. Kilinux uliweka nguvu katika jopo la wataalamu, na njia ikaishia kwenye toleo. Mradi wa Kamusi ulifungua mlango na kuweka foleni nyuma yake. MediaWiki iliondoa foleni na kutunza historia, lakini mhariri wake aliyekusudiwa bado ana intaneti, chanzo kilichochapishwa na uwezo wa kusoma Kiingereza pale kurasa za msaada zisipotosha. Ushahidi ulimpokea shahidi mwenye simu ya kawaida, ila haukuwa na matini ya kuijenga pamoja naye.

Kwa mkazi wa Misima, tofauti kati ya mifumo hii si ya kinadharia. Mahali pake panaweza kuelezwa kwa taarifa za mahali pengine penye jina hilo hilo, naye akalisoma kosa hilo katika simu yake bila kuwa na la kufanya. Uhuria wa programu, kwa maana ya leseni, unamruhusu kunakili na kubadilisha kila kitu. Ruhusa hiyo humfaa pale tu usanifu unapompa njia ya kufikisha neno lake na kumrudishia jibu. Tafiti zijazo zinaweza kupima kwa vitendo mfumo wenye jalada la yatokanayo katika kata chache za Handeni na Korogwe, kwa kuhesabu masahihisho yaliyojibiwa na watoaji waliorudi kutoa hoja nyingine, badala ya kuhesabu kurasa zilizoongezwa.